Mabano ya Marko 16: nimesoma Biblia miaka thelathini bila kuuliza yana maana gani

#1 Mwalimu wa Usambara (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, na naomba tuujadili bila matusi, maana jambo lenyewe limeingia nyumbani kwangu.

Mwezi uliopita tulikuwa Lushoto kwenye matanga ya mama. Jioni ya siku ya tatu, watu walipomaliza kula, mwinjilisti alisoma Marko 16 kutoka kwenye Biblia ya marehemu baba, Union Version yenye jalada jeusi ambalo mzee alilishona upya kwa uzi wa viatu. Sala ilipokwisha, kijana wa kaka yangu, yuko mwaka wa tatu chuoni, akaiomba ile Biblia. Akaisogeza karibu na taa, akaweka kidole kwenye mstari wa tisa, akaniuliza: "Baba mdogo, hii alama hapa ni ya nini?"

Yalikuwa mabano ya mraba. Yanafunguka mstari wa 9 na kufungwa mwisho wa mstari wa 20. Mimi ni mzee wa kanisa, nimefundisha vipaimara zaidi ya miaka kumi, na ukurasa ule nimeusoma kila Pasaka. Nikajibu kwamba hayo ni mambo ya wachapaji.

Hakupandisha sauti. Akasema, "Si ya wachapaji. Waliotafsiri walijua kwamba kipande hiki hakimo kwenye nakala kongwe. Wao walijua, ninyi mnaosimama mbele yetu hamkutuambia." Kisha, mbele ya shangazi zake, akasema kwamba yeye haamini tena.

Niliona aibu, aibu ikageuka hasira. Nikamsomea 2 Timotheo 3:16, "Kila andiko, lenye pumzi ya Mungu, lafaa kwa mafundisho." Akanijibu kitu ambacho sikuweza kulala nacho: "Nikikuandikia barua ya kudai deni, na ndani yake nikaandika kwamba barua hii haina uongo, utanilipa kwa sababu hiyo?"

Basi nimerudi nyumbani nikasoma. Kijana alikuwa sahihi kuhusu mabano. Kodeksi ya Vatikani na kodeksi ya Sinai, hati mbili za Kigiriki za karne ya 4, zote zinaishia mstari wa 8, pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini, "wala hawakumwambia mtu neno, maana waliogopa." Mabano mengine yako Yohana 7:53 hadi 8:11, habari ya yule mwanamke aliyefumaniwa. Hiyo nayo haimo kwenye hati hizo mbili, wala kwenye P66 na P75, nakala za Kigiriki zilizoandikwa juu ya mafunjo, ambazo ni za zamani zaidi. "Yeye asiye na dhambi miongoni mwenu na awe wa kwanza wa kumtupia jiwe" ni mstari ambao hata mlevi wa kilabuni anaujua kwa moyo, na nimeuhubiri bila kujua kwamba umefungiwa.

Hoja yangu ni hii. Tunapobishana na wasioamini tunawataka waitii Biblia kwanza ndipo tuzungumze, tukisahau kwamba mamlaka ya kitabu hicho ndiyo hasa wanayoyahoji. Na sisi wenyewe tunayatetea mamlaka ya kitabu tusichokichunguza. Nakaribisha wenye kuamini na wasioamini.

#2 Mchungaji wa Shambani

Pole kwa msiba, mwalimu. Bwana awafariji.

Nakuheshimu, lakini uangalie usije ukawakwaza walio dhaifu. Mambo uliyoandika yanafundishwa chuo cha theolojia mwaka wa kwanza, hakuna siri yoyote. Kuna nakala za mkono za Agano Jipya kwa Kigiriki zaidi ya 5,000. Watu waliokuwa wakinakili kwa mkono, kwa mwanga wa taa ya mafuta, karne baada ya karne, lazima wangetofautiana. Tofauti nyingi ni tahajia, au neno kutangulia jingine. Hakuna fundisho hata moja la imani linalosimama kwenye mabano peke yake. Ufufuo uko Mathayo, Luka, Yohana na 1 Wakorintho 15.

Kumbuka pia Qumran. Mwaka 1947 wachungaji wa mbuzi walipata magombo katika mapango karibu na Bahari ya Chumvi. Gombo kubwa la Isaya lililotoka humo lilikuwa na umri wa miaka kama elfu moja zaidi ya nakala za Kiebrania zilizotegemewa hadi wakati huo. Walipolinganisha, kulikuwa na tofauti ndogondogo, lakini Isaya ni yuleyule. Mungu alilinda neno lake. Huyo kijana aambiwe na hilo.

Mabano yenyewe mimi nayaona kuwa heshima. Watafsiri wetu wangeweza kunyamaza, wakaweka alama.

#3 Nuru ya Mchana

Mimi siamini, nilikuwa mwanakwaya miaka tisa. Asante mleta mada kwa kuandika bila kejeli, ndiyo maana najibu.

Mchungaji, ulichothibitisha ni kwamba Isaya alinakiliwa vizuri. Sikatai. Lakini kunakili vizuri na kusema kweli ni mambo mawili. Hati ya kiwanja inaweza kunakiliwa bila kosa hata herufi moja, na bado kiwanja kikawa si chako.

Mwalimu, kijana wako akisema mabano yalimtoa kanisani, mwulize tena kwa upole. Wengi wetu hatukutolewa na mabano. Bart Ehrman, yule msomi wa Marekani aliyeandika sana kuhusu nakala za Agano Jipya, mwenyewe amesema kilichomtoa katika imani ni mateso ya watu duniani. Nakala alikuwa anazijua na bado akabaki Mkristo kwa miaka.

Kilichonitoa mimi ni Kutoka 21:20-21. Fungueni msome. Mtu akimpiga mtumwa wake kwa fimbo, akafa palepale, ataadhibiwa. Akiishi siku moja au mbili, bwana haadhibiwi, kwa sababu yule ni mali yake. Nilisoma hilo nikiwa na miaka ishirini na mbili, Bagamoyo, hatua chache kutoka Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara ya biashara enzi za watumwa. Nilimwuliza mchungaji wangu wa wakati ule. Alinijibu kwamba niombe.

Sidai kwamba Wakristo ni wabaya. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba kitabu hiki kina mamlaka juu yangu, juu ya ndoa yangu, juu ya sheria za nchi, kisha nikifika Kutoka 21 naambiwa hapo uelewe mazingira ya wakati ule. Kama mazingira yanahukumu ukurasa mmoja, nani kaamua kwamba hayahukumu mwingine?

#4 Mwalimu wa Usambara

Nuru, umenipiga mahali penyewe, na sitakwepa. Siwezi kuusoma mstari huo nikasema ni mzuri.

Lakini nataka uende nami hadi Unguja. Pale Mkunazini, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 baada ya mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Anglikana palepale sokoni. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, na amezikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa hilo. Sasa huyo Steere ndiye aliyeongoza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili cha Unguja, ile iliyokamilika 1891 yeye akiwa ameshafariki. Mtu mmoja alitafuta neno la Kiswahili la kutosha kwa "Enyi watumwa, watiini" ya Waefeso 6, na mtu huyohuyo akapandisha kuta juu ya uwanja walikouziwa watu.

Nimesimama mle ndani. Chini ya nyumba ya jirani kuna vyumba ambavyo wageni huoneshwa, dari iko chini kiasi kwamba nililazimika kuinama. Niliwaza: waliokuwa na Biblia mkononi wakitetea utumwa kule Marekani ya kusini walikuwa na mistari. Waliopinga nao walikuwa na mistari, "Hapana mtumwa wala huru" ya Wagalatia 3:28. Ukihesabu mistari tu, sidhani kama wapingaji wangeshinda.

Kwa hiyo nakubali kwamba kuna kitu kinachotuambia tusome ukurasa upi kwa mwanga wa upi. Mimi nakiita Kristo mwenyewe. Najua wewe hutakiita hivyo.

#5 Nuru ya Mchana

Hapo sasa tunazungumza. Mimi naita dhamiri ya binadamu, na nasema dhamiri hiyo ilikuhukumia ukurasa kabla hujamtaja Kristo. Lakini nimekuheshimu kwa kutokukwepa.

#6 Mama Gaudensia

Tumsifu Yesu Kristo.

Nimesoma yote. Sisi Wakatoliki mara nyingi tunawaangalia ndugu zetu Waprotestanti mkibishana na wasioamini kama vile kitabu kilishuka kutoka juu kikiwa kimeshonwa. Kitabu gani? Chenu kina vitabu 66, chetu 73, na ndugu zetu wa Ethiopia wanahesabu 81. Vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo leo, orodha yake tunaiona katika barua ya Pasaka ya Mtakatifu Athanasi wa Aleksandria mwaka 367. Hiyo ni zaidi ya miaka mia tatu baada ya Bwana wetu. Hao Wakristo wa katikati waliishi kwa nini? Waliishi kwa Kanisa, na Ekaristi, na maandiko yaliyosomwa hapa na pale.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wetu, mwaka 1965, katika hati ya Ufunuo wa Mungu, ulifundisha kwamba Maandiko yanatupa bila kosa ule ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Sisomi Mwanzo kutafuta jiolojia. Kijana wako angeambiwa hivyo mapema labda asingevunjika moyo kwa mabano.

Na kuhusu mabano hayo, mwisho ule mrefu wa Marko sisi tunausoma kama Maandiko hata kama si mkono wa Marko.

#7 Nuru ya Mchana

Mama, shikamoo. Hoja yako naielewa kuliko ya "Biblia yasema Biblia ni kweli". Ila umesogeza swali hatua moja. Kanisa linathibitisha Biblia. Kanisa nalo linathibitishwa na nini? Nilipouliza hivyo, nilisomewa "juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu", nikawa nimerudi kwenye kitabu.

#8 Ibn Pwani

Assalaam alaykum. Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo si "asiyeamini", lakini haya si mapya kwetu. Nimekulia Tanga wakati wa mihadhara ya Waislamu na Wakristo kubishania dini hadharani, vipaza sauti vimefungwa kwenye nguzo, Biblia na Msahafu juu ya meza moja. Mstari uliokuwa haukosi ni 1 Yohana 5, ule wa Baba, Neno na Roho Mtakatifu kushuhudia mbinguni. Tuliambiwa tunazusha. Lakini Erasmus, aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, hakuuweka mwaka 1516 wala 1519, kwa sababu hakuukuta kwenye Kigiriki. Akauingiza toleo la 1522 baada ya kulaumiwa.

Nasema kwa heshima kwamba mihadhara ile ilituharibia ujirani. Tulijifunza mistari ya kumwangushia mtu, hatukujifunza kukaa naye. Mleta mada ameandika ninavyotamani tungekuwa tunaandika wakati ule.

#9 Mchungaji wa Shambani

Ndugu Ibn Pwani, la Erasmus ni kweli, na mimi sihubiri Utatu kwa mstari huo.

Lakini naomba nieleweke. Nina washarika ambao wanachoshika ni Biblia tu. Mama ana mgonjwa wa figo, anashika Zaburi ya 23 usiku kucha. Nikimpelekea habari za kodeksi nimemsaidia nini? Mamlaka ninayoyaona mimi ni hayo, neno linalomshika mtu asizame. Nimeyaona kwa macho, vitandani.

#10 Mkazi wa Kilifi

Mchungaji, na mimi nimeyaona kwa macho. Nakaa Malindi. Mwaka 2023 magari yalikuwa yanapita kwetu yakitoka msitu wa Shakahola. Ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Watu waliambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa ili wakutane na Yesu, na wakaambiwa imeandikwa.

Sisemi Biblia inafundisha hivyo, mimi mwenyewe ni Mkristo. Nasema wale watu waliheshimu mamlaka ya Maandiko kuliko mimi. Walichokosa ni mtu wa kuwaruhusu kuuliza. Mama wa mgonjwa wa figo akipata mchungaji mwema, Zaburi 23 itamshika. Akipata mwingine, ataambiwa aache dawa. Marko 16:18, iliyo ndani ya mabano ya mwalimu, inasema "watashika nyoka". Huko Marekani kuna makanisa yanashika nyoka kweli kwa mstari huo. George Went Hensley, aliyeieneza desturi hiyo, alikufa kwa kuumwa na nyoka mwaka 1955. Sasa mniambie mabano hayana maana kwa mshirika wa kawaida.

#11 Mchungaji wa Shambani

Sina jibu la haraka kwa hilo, ndugu yangu. Nitalifikiri.

#12 Mwalimu wa Usambara

Mkazi wa Kilifi, pole sana kwa mliyoyaona huko.

Wiki hii nimesoma habari ambayo naona ni yetu kabisa, niilete hapa. Natal, Afrika Kusini, katikati ya karne ya 19. Askofu Mwanglikana, John William Colenso, anatafsiri Biblia kwa Kizulu akisaidiwa na Mzulu aitwaye William Ngidi. Wamefika gharika ya Nuhu. Ngidi anamwuliza: je, haya yote ni kweli? Unaamini kweli kwamba wanyama wote, wa nchi za joto na za baridi, walikuja wawiliwawili wakaingia safinani?

Colenso alikuwa mtu wa hesabu, aliandika vitabu vya hesabu vilivyotumika shuleni Uingereza. Alishindwa kumtazama Ngidi na kusema ndiyo. Akaanza kuhesabu. Kutoka 12:37 inataja wanaume kama 600,000, bila watoto. Weka wanawake na watoto, ni zaidi ya milioni mbili. Mambo ya Walawi 8 inasema mkutano wote ulikusanyika mlangoni pa hema. Ua wa hema ni dhiraa mia kwa hamsini. Watasimama wapi? Mwaka 1862 akaanza kuchapisha mahesabu yake. Askofu wa Cape Town, Robert Gray, akamvua uaskofu mwaka uliofuata. Colenso akakata rufaa London, na mwaka 1865 baraza la rufaa likaamua kwamba Gray hakuwa na uwezo huo. Kelele hizo ni moja ya sababu maaskofu wa Anglikana duniani waliitwa kwenye mkutano wa Lambeth, London, kwa mara ya kwanza, mwaka 1867.

Kuna mambo mawili yamenishika hapo. Kwanza, tunaambiwa kuhoji Biblia ni ugonjwa ulioletwa na Wazungu. Hapa aliyehoji ni Mwafrika aliyekuwa kazini, na Mzungu ndiye aliyetikisika. Pili, Colenso hakuacha imani. Aliendelea kuhubiri, na serikali ya kikoloni ilipomwonea chifu Langalibalele, kisha Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, yeye ndiye aliyesimama upande wao na kupoteza marafiki zake wa kizungu. Wazulu walimwita Sobantu, baba wa watu.

Mchungaji wangu wa ujana angesema Colenso aliidharau Biblia. Mimi naona aliyeidharau ni mimi, niliyejibu "wachapaji" jeneza la mama likiwa bado halijasahaulika.

#13 Mama Gaudensia

Mwalimu, usijihukumu kiasi hicho. Ulikuwa na msiba. Ila kijana naye alikuwa na msiba, bibi yake. Umeshaongea naye?

#14 Nuru ya Mchana

Nami nauliza hilohilo. Nilipoacha, baba yangu hakunisemesha miaka miwili. Tungeweza kubishana kuhusu Kutoka 21 hadi asubuhi na nisingeumia kama nilivyoumia kwa kunyamaziwa. Petro, kama bado nakumbuka vizuri, anawaambia mwe tayari kumjibu kila mtu, "lakini kwa upole na kwa hofu." Mstari huo naukubali hadi leo.

#15 Mwalimu wa Usambara

Unakumbuka vizuri, ni 1 Petro 3:15.

Mrejesho, wakuu. Kijana amekuja jana, amelala kwangu. Nilimwomba radhi kwa lile la wachapaji, nikamwonesha nilichoandika hapa. Alisoma uzi wote kimya, akacheka kidogo kwa ile barua ya deni.

Hajarudi kuamini na sikumwomba arudi. Tulifungua Biblia ya mzee, safari hii nikamwonesha mimi. Luka 1, mistari minne ya kwanza. Mwandishi anasema watu wengi wameshatunga habari, na yeye "nimejitafutia usahihi wa mambo hayo yote tangu mwanzo." Nikamwambia, angalia, huyu hasemi aliletewa na malaika. Anasema alitafuta, akauliza watu, akapanga. Akauliza mbona hilo halihubiriwi. Nikasema sijui, ila Jumapili ya zamu yangu nitalihubiri, pamoja na mabano.

Tulipokuwa tunafunga milango akanipa swali jingine. Kama Marko iliishia mstari wa 8, na wale wanawake hawakumwambia mtu neno, aliyeandika alijuaje walichokiona kaburini?

Nimemwomba anipe mpaka Jumapili. Mchungaji, Mama Gaudensia, Nuru, yeyote mwenye la kusema kuhusu hilo, karibuni.

#16 Mchungaji wa Shambani

Nipo, mwalimu. Nina maoni juu ya hilo, ila nataka kwanza nimalize kuisoma Marko yote kwa mkao mmoja, kitu ambacho sijakifanya tangu nitoke chuo. Nitarudi kesho jioni.